Yatima wa Taifa Ana Mama

Palikuwa na nchi, na waliopakana nayo wanasema bado ipo. Jina lake silitaji. Mtakaolitambua jifanyeni hamkulitambua, kama tunavyofanya sisi tunaoishi humo. Nawaandikia akina mama wenzangu, hasa wale ambao mtoto akitumwa chumvi wanasimama mlangoni mpaka arudi. Mkimaliza kusoma, waiteni watoto wenu kwa majina mhakikishe wote wanaitika.

Watu wa nchi yetu tunapenda kutoa. Hilo tusisingiziwe. Mtu akikosa cha kutoa huazima kwa jirani akatoe, na jirani humpa akijua hatarudishiwa, kwa hiyo wanakuwa wametoa wote wawili. Tumelelewa tukiambiwa mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Ni fundisho zuri sana. Serikali nayo ililiona zuri, ikaona haifai kuachiwa watu wa kawaida, ikaliundia wizara yake: Wizara ya Huruma.

Wizara ikaanza na soksi. Siku ya kutoa, kila raia avae soksi mkono wa kushoto, nene, mpaka kwenye kiwiko, ili mkono huo usijue kinachoendelea. Soksi ziliuzwa na wizara yenyewe, moja moja. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba mkono wa kushoto hupata habari kupitia macho. Ikatungwa Sheria ya Kufumba. Filimbi ya kwanza, fumba. Filimbi ya pili, fumbua. Ukifumbua ukakuta unga wako haupo, ujue umepokelewa. Ukiuliza umepelekwa wapi, hayo ni majivuno, na majivuno yana faini.

Sasa, kwa kuwa sadaka hupokelewa na mashirika, la kweli utalijuaje, na la matapeli utalijuaje? Watu waliuliza, maana wajinga hatukuwa, tulikuwa tumefumba tu. Wizara ikajibu kisayansi. Ikaajiri wakaguzi wa makoti meupe, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Shirika linaonyesha picha zake, watazamaji wanalia, mkaguzi anakinga kikombe kidevuni. Kikombe kimoja, shirika changa. Vikombe vitano, shirika la kuaminika, toa ulicho nacho na usicho nacho. Palikuwa na shirika moja lililochimba visima. Lilipoonyesha picha za maji watu wakafurahi, wengine wakapiga vigelegele. Halikupata hata tone. Likafutwa kwa utapeli.

*

Mwaka huu shamba lilinijalia. Nikabaki na magunia mawili ya sembe, nikasema nitoe sadaka, lakini nitoe mahali panapoeleweka. Nikaenda Maonyesho ya Huruma pamoja na jirani yangu Bi Chausiku. Bi Chausiku ana machozi ya karibu. Akiona mbuzi amefungwa kamba fupi analia. Wakaguzi wanamjua kwa jina, wanampisha njia kama mtu mkubwa.

Banda la kwanza alisimama bwana mmoja wa tai.

"Unga huu mkishaupokea unakwenda wapi, baba?" nikamuuliza.

"Unakwenda mbele, mama."

"Mbele wapi?"

"Kwa walengwa."

"Na walengwa wanakaa wapi?"

"Mashinani."

"Mimi nimetoka mashinani leo asubuhi. Sijawaona."

"Basi mlipishana."

Banda la pili lilikuwa la Shirika la Kuwajengea Uwezo Wenye Njaa. Dada mmoja mchangamfu alinieleza kwamba wao hawagawi chakula, wanagawa semina. Wanamfundisha mwenye njaa aifahamu njaa yake, chanzo chake, na fursa zilizomo.

"Na unga wangu?"

"Unaliwa na wawezeshaji, mama. Huwezi kufundisha njaa na wewe una njaa. Utakosa utulivu."

Bi Chausiku akanivuta kanga. "Wewe nawe, shoga! Unawahoji watu wa huruma kama wezi wa kuku? Twende kwenye vikombe vitano tumalize, jua linapanda."

Nikakubali. Hapo ndipo mtu huingia shimoni, dada zangu, pale anapoona aibu kuendelea kuuliza.

*

Shirika la vikombe vitano liliitwa Chozi la Yatima. Lilikuwa na hema lenye zulia jekundu, na Mkurugenzi wake, Bwana Fulgensi, alinukia marashi kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Nyuma yake palikuwa na bango kubwa kama ukuta, limefunikwa shuka.

"Ndugu wafadhili," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba anayezungumzia njaa, "nawaomba msimame. Wenye moyo dhaifu wakae. Wenye moyo wa jiwe watoke. Mtakayemwona hana baba. Hana mama. Hana shangazi. Hata mbwa hana."

Akavuta shuka. Hema zima likaangua kilio. Bi Chausiku alijaza kikombe mara moja, mkaguzi akakimbia kutafuta sufuria.

Mimi sikulia. Nilikuwa namtazama yule yatima aliyekosa hata mbwa, machozi yamemjaa, mdomo umepinda, kamasi mbili. Gauni nililijua. Mimi ndiye niliyelishona. Lilikuwa gauni la mwanangu Mwantumu, na ndani ya gauni alikuwamo Mwantumu mwenyewe, ambaye nilikuwa nimemwacha nyumbani na baba yake wakigombea muhogo.

Nikaikumbuka na siku yenyewe. Mpiga picha wa pasipoti alipita mtaani kwetu siku ambayo Mwantumu aliingia jikoni, akafungua chupa ya achari ya pilipili, akalamba kijiko kizima kwa uroho wake. Alipotoka nje akilia, yule bwana akasema, "Hebu simama hivyo hivyo, mtoto mzuri."

Nikamfuata Bwana Fulgensi nyuma ya hema.

"Samahani, Mkurugenzi. Yule mtoto ni wangu."

Akanishika bega kwa upole. "Sote tunasema hivyo, mama. Ni wetu sote."

"Hapana, wangu mimi. Nimemzaa. Jina lake Mwantumu. Anapenda muhogo, hapendi kuoga."

Akatoa leso, akajifuta paji la uso. "Mama," akasema, "una habari kwamba mtoto yule ameliliwa na nchi nzima? Mikoa yote? Jeshi limelia. Timu ya taifa ya mpira imelia, ikafungwa. Na wewe unakuja hapa kuniambia nchi nzima imelia bure?"

"Sijasema bure. Nimesema ana mama."

"Mwenye mama hawi yatima."

"Ndivyo ninavyosema na mimi."

"Na yatima hawezi kuwa na mama. Kwa hiyo tatizo haliko kwa mtoto, liko kwako." Akafikiri, akainamisha kichwa. "Kwa nini usikubali kwamba umefariki? Ni uzalendo. Wengi wamefanya zaidi ya hapo."

Nikamwambia siko tayari, nina nguo nimeloweka. Akajaribu kunibembeleza. Akasema anaweza kuniacha hai kama shangazi. Alipoona nimekunja uso akakumbuka kwamba bango linasema hana shangazi, akashuka: shemeji wa mbali, tena wa nchi jirani, ninayeruhusiwa kutuma salamu.

"Mbona nyuma ya nyumba yetu wapo yatima kweli?" nikasema. "Watoto wa marehemu Nangoma. Baba hawana, mama hawana. Wachukueni hao."

"Tuliwapima," akasema Fulgensi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya jukwaani. "Hawalii vizuri. Wamezoea."

Kisha akaniambia jambo la mwisho. Siku ya Huruma inakuja. Mkuu wa nchi, ambaye kwetu anaitwa Mtukufu Mfadhili wa Kwanza, atamkabidhi Mwantumu rasmi kwenye Kituo cha Yatima mbele ya taifa. Na akishakabidhiwa, ni mali ya huruma ya umma. Hatoki.

*

Nilirudi na magunia yangu yote mawili. Moja nililipeleka kwa watoto wa Nangoma, mkono mtupu bila soksi, macho nimeyatoa kama kunguru. Wakasonga ugali mbele yangu, wakala nikiwaona, mmoja akanikaribisha tonge. Nilitoka pale nikitazama huku na huku kama mwizi, maana nilikuwa nimetoa nikaona ulikokwenda, na hayo ndiyo yanayoitwa majivuno ya daraja la kwanza.

Nyumbani nikamweleza Baba Mwantumu kwamba sisi wawili ni marehemu.

"Tulikufa lini?" akauliza.

"Kabla ya bango."

"Kabla ya chakula cha mchana au baada?"

"Baba Mwantumu!"

"Nauliza tu, mke wangu. Kama ni baada, nipakulie."

Mwantumu mwenyewe alifurahi kupita kiasi. "Mama, mimi ni yatima wa taifa?" Akaruka ruka. "Yatima wanapewa soda?" Nikamwambia yatima hapewi soda wala mama. Akafikiri kidogo. "Hata nusu?" Sikujua kama anauliza nusu soda au nusu mama, nikamkumbatia mpaka akalalamika namkaba.

Jioni akaja Bi Chausiku, kanga kichwani, macho mekundu.

"Shoga yangu, pole na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako wewe. Wametangaza redioni umefariki."

"Chausiku, si unaniona?"

"Nakuona. Ndiyo maana nimekuja kukupa pole mwenyewe, maana nikichelewa nitampa nani?" Akakaa mkekani, akalia kwa dhati, nami nikajikuta namfuta machozi na kumbembeleza katika msiba wangu. Alipotulia nikamwambia, "Shoga, mtoto yule ni Mwantumu. Unamjua. Umemtoa funza mwenyewe."

"Najua ni Mwantumu."

"Sasa?"

"Sasa nimeshalia, mwenzangu. Machozi hayarudi. Nikikubali nimedanganywa, nitamtazamaje mkaguzi?"

Ndipo nikaogopa kweli. Mwizi namwelewa, hata Fulgensi namwelewa. Lakini jirani anayejua ukweli na bado anaona haya kuuacha uongo alioulilia, huyo ndiye atakayempungia mwanao mkono akipelekwa.

*

Siku ya Huruma walikuja na gari la wazi, bendi na maua. Mwantumu akapandishwa juu, akapunga mkono kama aliyezaliwa humo. Nikataka kupanda, askari akanizuia. "Marehemu hawapandi mbele." Nikabeba gunia langu lililobaki, maana uwanjani huingii bila cha kutoa, nikalifuata gari kwa miguu mpaka uwanjani. Baba Mwantumu alibaki nyuma ananisukuma kwa maneno: "Kazana, mama Mwantumu, usimwache!" Alikuwa amevaa soksi miguu yote miwili na mkono mmoja, akidai ni tahadhari.

Uwanja ulikuwa umefurika. Mshereheshaji akaita wageni, itifaki ikazingatiwa, ikazingatiwa tena kwa waliochelewa. Akasimama Waziri wa Huruma, Mheshimiwa Mtepa, mtu wa mashavu mazuri.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine zinahesabu madaraja, zinahesabu hospitali. Sisi tunahesabu machozi! Na nawahakikishia, kwa takwimu, mwaka huu tumelia kuliko mwaka jana!"

Makofi. Nguo za wakaguzi zilikuwa zimelowa kwa kazi.

"Sasa tutoe. Filimbi!"

Filimbi ikalia. Uwanja mzima ukafumba macho, mikono ya kulia mbele, ya kushoto ndani ya soksi. Na mimi nikafumba, lakini jicho moja. Lingine lilikuwa kwa Mwantumu pale jukwaani. Mwanamke mwenye mtoto mbele ya watu hafumbi macho mawili, hata awe kwenye sala.

Kwa hiyo nikaona. Niliona watu wa wizara wanapita kimya kimya, wanaokota magunia yetu, wanayatoa kwa lango la nyuma, wanayapakia kwenye lori. Lori likazunguka uwanja. Likaingia kwa lango la mbele limevishwa kitambaa kipya: MSAADA KUTOKA KWA MHESHIMIWA WAZIRI. Filimbi ya pili ikalia. Watu wakafumbua, wakaliona lori, wakashangilia mpaka vumbi likatimka. Gunia langu, nililolishona mdomo kwa kipande cha kanga ya njano, lilikuwa juu kabisa. Bi Chausiku, kando yangu, alikuwa analia kwa furaha. "Ona Waziri anavyojitolea! Hata kanga ametoa!"

"Na sasa," akasema Waziri, "yatima wa taifa atakabidhiwa kwenye Kituo."

Mwantumu alikuwa amechoka kupunga mkono. Alikuwa ananitafuta kwa macho, na mdomo umeanza kupinda, safari hii bila pilipili. Miguu yangu ikaondoka kabla sijaipa ruhusa. Nikajikuta mbele ya jukwaa.

"Naomba kuuliza!" nikasema.

Uwanja mzima ukanigeukia. Mtu kuuliza Siku ya Huruma ni kama mtu kupiga chafya kaburini.

"Huyu ni nani?" akauliza Mtukufu Mfadhili wa Kwanza. Alikuwa mzee mnene mwenye soksi ya hariri.

Fulgensi akamnong'oneza, "Ni marehemu, Mtukufu."

"Aulize. Marehemu tuwaheshimu."

"Mtukufu," nikasema, "sipingi. Nataka tu kujua, huko Kituoni mtoto atalala wapi? Kitanda kipo? Chandarua kipo? Kuna aliyewahi kuingia ndani akaona?"

Waziri akacheka. "Mama! Kituo kile alikifungua Mtukufu mwenyewe!"

"Kweli kabisa," akasema Mtukufu. "Nilikata utepe kwa mkono huu."

"Ukaona ndani, baba?"

"Nitaonaje? Nilikuwa natoa. Nilifumba macho." Akamgeukia Waziri. "Wewe uliona."

"Mimi nilifumba kwa heshima yako, Mtukufu."

"Fulgensi?"

"Mimi, Mtukufu, nilifumba mapema zaidi kuliko wote."

Mtukufu akakuna soksi yake. "Basi twende sote tukaone, mama huyu aridhike apumzike kwa amani."

*

Tukaenda, uwanja mzima, bendi mbele. Kituo kilikuwa nyuma ya uwanja: ukuta mrefu mweupe, unapendeza, wenye madirisha ya bluu yenye mapazia, na katikati mlango wa bluu wenye kitasa cha shaba. Juu yake maandishi makubwa ya kukaribisha. Watu wakapiga makofi kwa uzuri wake.

Waziri akatangulia, akarekebisha tai, akagonga. Mlango ulitoa sauti ya ukuta.

"Hodi!" akaita.

Upepo ulikuwa unavuma, bendera zinapepea, lakini mapazia ya madirisha hayakutikisika hata kidogo.

"Wako darasani," akasema Fulgensi.

"Hodi tena!" Waziri akagonga kwa nguvu zaidi, akapuliza vidole vyake.

"Wanakula," akasema Fulgensi. "Wakishika sahani hawasikii."

Mwantumu, ambaye sasa alikuwa mbele kabisa, akanyoosha kidole akakigusa kitasa. Akanigeukia. "Mama, hiki ki..."

Nikamfunga mdomo kwa kiganja. Najua mngependa niseme nilimwacha aseme, umati ukashtuka, wakubwa wakaaibika. Sikumwacha. Nilikuwa nimeshayaona ya Bi Chausiku. Watu wale wangeambiwa ni rangi tupu wangekasirika, lakini si kwa aliyepaka. Na Wizara ingetuomba radhi, ikatujengea mlango wa kweli, na mwanangu angekuwa wa kwanza kuingia. Mimi nilitaka mtoto. Ukweli ungeweza kusubiri pale pale ukutani, ulikuwa haukimbii.

Kwa hiyo nikapaza sauti: "Mtukufu, kwetu sisi hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hashiki mlango wa watu. Anarudi kwao, anakuja siku nyingine. Au itifaki imebadilika?"

Wazee kwenye umati wakaitikia, "Hapo kasema! Hodi ni tatu!" Maana sisi, dada zangu, tunaweza kuibiwa gunia tukapiga makofi, lakini kuingia nyumba ya watu bila karibu, hatuwezi. Tuna adabu zetu.

Mtukufu akasimama wima. "Itifaki haijabadilika. Waziri, ya tatu."

Waziri akafuta jasho. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, akaita hodi ya tatu kwa sauti ndefu, ya kuomba, ya mtu anayetaka sana afunguliwe. Umati wote ukatega sikio. Hakuna aliyesema karibu.

"Basi," akasema Mtukufu. "Mtoto arudi alikotoka mpaka wenyeji wapatikane."

"Lakini alikotoka hakuna mtu, Mtukufu!" Fulgensi akalia. "Wazazi wamekufa!"

"Amrudishe marehemu basi, si yuko hapa? Mnanichosha." Akaagiza iundwe kamati.

Sikungoja kusikia wajumbe. Nikamshika Mwantumu kwa mkono wangu wa kushoto, nikairarua ile soksi yangu kwa meno nimshike vizuri, tukaondoka kwa mwendo wa watu wasiokimbia. Kwenye kona akaniuliza, "Mama, wale watoto wa ndani watafungua lini?" Nikamwambia apunguze maswali aongeze hatua. Nyuma yetu Waziri alikuwa ameanza hodi ya nne, kwa faragha.

*

Kamati ilikaa. Imetoa taarifa kwamba Kituo ni kizima, madirisha yanang'aa, na watoto wa ndani wanaendelea vizuri kwani hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kasoro iliyoonekana ni moja tu, kwamba mlango umefungwa na ufunguo haujulikani uliko. Kwa hiyo nchi nzima inachangia ufunguo mpya.

Jana wamepita mtaani kwetu. Bi Chausiku ametoa jogoo wake, amefumba macho, akafumbua, jogoo hayupo, akashukuru. Walipofika kwangu nilikuwa nimekaa mlangoni, Mwantumu nimembana katikati ya magoti, macho yangu yote mawili yamefumbuka.

"Mama, changia ufunguo wa yatima," akasema mkusanyaji, mtu mpole, mwenye kikombe kipya.

"Nitachangia," nikamwambia. "Lakini nilipokuwa pale mlangoni sikuona tundu la kuutia."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama asiyeelewa mambo ya maendeleo.

"Tundu ni awamu ya pili, mama. Hilo tutapita mwakani."